Paka mzee anapokonda, usiseme ni uzee tu
Katika nyumba nyingi za Musoma, Bunda na Butiama, paka mzee anayelishwa dagaa akikonda, watu husema ni umri. Lakini uzee si ugonjwa. Paka wa miaka 10 na zaidi anayekula sana huku akikonda huenda ana tatizo la tezi ya shingoni, kisukari au minyoo. Akinywa maji na kukojoa kupita kawaida, huenda ni figo au kisukari. Akisogelea chakula kisha akakiacha, mtazame meno na fizi.

Paka wa kilo 4 akipungua nusu kilo, ni kama mtu wa kilo 64 kupungua kilo 8. Usimpe parasetamoli, humuua. Mpeleke mapema kwa daktari wa mifugo.