Akili ikihama dunguni, usimchape kwanza

Mpunga ukianza kutoa masuke katika mashamba ya Dimani na vijiji vingine vya Kibiti, kazi inayobaki ni ya macho. Mtoto anapandishwa dunguni na kombeo lake na debe bovu la kugonga, aamie ndege tangu alfajiri. Kwelea kwelea hawaji mmoja mmoja. Kundi likishuka mlinzi asione, sehemu ya chakula cha mwaka imekwenda.

Jioni mzazi anakuta masuke matupu. "Ulikuwa unawaza nini?" Mtoto hana jibu, na mara nyingi hadanganyi. Hakulala. Macho yalikuwa wazi, akili ndiyo iliyokwenda zake kwenye mpira.

Mwaka 1948 mtafiti wa Uingereza, Norman Mackworth, alichapisha majaribio yaliyotokana na tatizo la jeshi la anga: walinzi wa rada walikuwa wanapitwa na alama za nyambizi. Aliwakalisha watu saa mbili mbele ya kitu kama saa ya ukutani, mshale ukiruka hatua moja moja, na mara chache sana hatua mbili. Kazi yao ilikuwa kuuona mruko huo mrefu tu. Baada ya nusu saa ya kwanza wakaanza kupitwa. Waliofanya nusu saa, wakapumzika nusu saa, ndipo wakarudi, waliendelea kuona vizuri.

Hao ni watu wazima. Sisi tunamweka mtoto wa miaka tisa kutwa nzima, tena pengine hajanywa hata uji. (Na kama ni siku ya shule, mahali pake ni darasani, lakini hilo lina mjadala wake.) Mpe mwenzake, wapokezane. Anayepumzika mwache acheze, aimbe, awaze anachotaka. Kuwaza huko si uvivu wala ugonjwa. Ndiko kunakomrudishia macho. Hata daftari la hesabu jioni, vipande vifupi vinamfaa kuliko kumkalisha mpaka asinzie.

Mahali ambapo sina huruma na akili inayohama ni kwenye maji, na hapo nasema na sisi wazazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Huku delta mto ni njia, ni bomba la maji, ni mahali pa kufulia, na una mamba. Mtoto mdogo anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mama anafua, shangazi anapiga soga, kaka yuko kwenye simu, na kila mmoja anaamini mwenzake anamwangalia.

Kwa hiyo awepo mmoja, anayejulikana, asiyefua wala kushika simu, na akae karibu kiasi cha kumfikia mtoto kwa mkono. Zamu iwe fupi, maana naye ni binadamu kama wale wa rada. Ukitaka kuondoka, mtaje unayemwachia: "Shangazi, mtoto ni wako sasa." Subiri aitikie, "Haya, ninaye." Asipoitikia, hujamwachia mtu.