Mlenda Si Mboga ya Kudharauliwa

Katika ukoo wa mimea wenye bamia, pamba na mbuyu, umo pia mlenda, ambao Waluo huuita apoth na Waluhya murere. Tangu zamani majani yake hupikwa kwa munyu, yaani maji yaliyochujwa katika majivu, yakachanganywa na majani ya kunde na kuliwa kwa ugali. Wazee huwapa pia wenye kufunga choo, na mgonjwa mwenye koo bovu humeza kwa wepesi kwa sababu ya ute wake.

Wako watu waliozoea kabichi ya sokoni ambao huona haya kumwandalia mgeni mlenda. Haya hiyo haina msingi. Majani ya mlenda yana madini ya chuma, chokaa na vitamini A kupita kabichi, tena yana vitamini C. Lakini munyu au magadi yakizidi, na chungu kikikaa motoni mno, vitamini C huharibika. Yafaa majani yaive upesi, wala maji yake yasimwagwe.

Mbegu ni ngumu kuota. Mkulima huzifunga katika kitambaa, akazichovya katika maji ya moto kwa sekunde chache, ndipo akazipanda. Baada ya majuma matano au sita huchuma. Mbegu hizo zina sumu idhuruyo moyo. Zisiliwe, wala mifugo isipewe.

Basi, penye tuta la mlenda karibu na jiko, watoto hawakosi kitoweo hata siku ambayo fedha imekosekana.