‘Ndege isiyo na rubani’: Jina linaloficha mwenye mkono

MAJUZI nilihudhuria harusi kule Manga, mpakani mwa Kisii na Nyamira. Kijana wa kupiga picha alirusha droni, ikapaa juu ya mahema ikivuma kama nyuki. Ajuza mmoja aliyeketi karibu nami akaitazama, kisha akaniuliza: “Mwalimu, na huyo anayeiendesha yuko wapi?”

Swali hilo limenikera tangu siku hiyo, kwa sababu Kiswahili chetu cha magazetini kinalijibu vibaya. Sisi huandika ‘ndege isiyo na rubani’. Ukweli ni kwamba rubani yupo, ila hayumo ndani ya ndege. Droni nyingi za kijeshi za Marekani zimekuwa zikiongozwa na wanajeshi walioketi mbele ya skrini katika kambi ya Creech, jimboni Nevada. Mawasiliano hupitia setilaiti, kamera huonyesha kilicho chini, naye mtu hubonyeza kitufe. Kombora huanguka bara jingine.

Wasomaji wa lugha watakumbuka kwamba Kiswahili hakijawahi kukosa neno la silaha. ‘Mzinga’ ni makao ya nyuki, na pia ni silaha inayonguruma. ‘Risasi’ ilikuwa jina la madini kabla ya kuwa jina la kinachoua. Bunduki ya rashasha tuliiita ‘bombomu’ kwa kuigiza mlio wake. Hata ‘drone’ ya Kiingereza ni nyuki dume. Tukisema ‘droni’ na kuiweka katika ngeli ya I-ZI (droni hii, droni hizi), hatujakosea. Tatizo langu ni lile kundi la maneno ‘isiyo na rubani’.

Abagusii wanajua vyema vita vya masafa. Mwaka wa 1905 Waingereza walileta bombomu dhidi ya wapiganaji wa mikuki na ngao, na wengi wakaanguka kabla mkuki haujamfikia adui. Januari 1908, Otenyo akamvizia mkuu wa wilaya, G.A.S. Northcote, aliyeitwa na wenyeji Nyarigoti, akamdunga mkuki. Northcote alipona, na mwaka wa 1937 akawa Gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa. Katika kisa hicho, kila mmoja alijulikana: aliyedunga, aliyedungwa na aliyelipiza kisasi. Hata aliyeshika bombomu mwaka wa 1905 alionekana kilimani.

Leo je? Tarehe 1 Aprili 2018, shambulio la Marekani la kutoka angani karibu na El Buur, Somalia, liliua mwanamke na mtoto. Mwanzoni jeshi lilisema waliouawa ni magaidi. Mwaka mzima ukapita kabla ya kamandi ya Marekani barani Afrika kukiri, Aprili 2019, kwamba wawili hao walikuwa raia. Huko Ethiopia, Januari 2022, shambulio la droni katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Dedebit, Tigray, liliua zaidi ya watu hamsini. Jamaa za waliofariki watamshtaki nani? Ndege?

Hapo ndipo sarufi inapoingia. Tukiandika ‘droni yaua watu kumi’, chombo kinakuwa kiima na mtenda anapotea. Tukiandika ‘watu kumi wafariki’, hata tendo la kuua limepotea, utadhani waliugua malaria. Hakuna mwandishi Mkenya ambaye angeandika ‘mkuki wamdunga Northcote’ halafu akamsahau Otenyo.

Mambo yanazidi kuwa magumu, maana sasa zinaundwa silaha zinazoweza kuchagua shabaha na kushambulia kwa kutumia akili unde. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alipendekeza mwaka wa 2023 kwamba mkataba wa kupiga marufuku silaha zinazofanya kazi bila usimamizi wa binadamu ukamilishwe kufikia 2026. Hizo ndizo zinazokaribia kustahili jina ‘zisizo na rubani’. Tukilitumia jina hilo kwa kila kitu kinachopaa, tutakosa neno siku tutakapolihitaji hasa. Na hata hizo zina aliyeziunda, aliyezinunua na aliyeamuru zirushwe.

Kwa hivyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, tuseme ‘droni’ au ‘ndege inayoongozwa kutoka mbali’. Pili, kila habari ya shambulio itaje jeshi au kundi lililoirusha. Na kama halijajulikana, tuandike hivyo waziwazi.

Ajuza wa Manga nilimwonyesha kijana aliyesimama nyuma ya hema, kidude cha kuongozea droni mikononi. Akatikisa kichwa, akasema: “Kumbe yuko. Basi ikituangukia tunajua wa kumuuliza.”