Kuipanga Rimoti ya Helikopta ya Mfano

Helikopta ya mfano yenye panga mbili za sentimita 32 hivi haifiki kilo moja kwa uzito. Hata hivyo, panga hizo zikizunguka mara 2,800 kwa dakika, ncha zake hukata hewa kwa mwendo unaozidi kilomita 350 kwa saa. Kidole cha rubani kikisogea kidogo tu, sevo za panga kuu (mota ndogo zinazosukuma viungo vya uendeshaji), sevo ya mkia na mota vinapaswa kuitika kwa pamoja, kila kimoja kwa kiasi chake. Kugawa viasi hivyo ndiyo kazi ya rimoti ya kompyuta. Mjerumani Dieter Schlüter alipozirusha helikopta za mfano kwenye miaka ya 1960 na 1970, mgawanyo huo ulifanywa na fito na bawaba ndani ya chombo chenyewe. Leo hufanywa kwa namba zinazoingizwa kwenye menyu, na anayezikosea huvunja panga kabla chombo hakijapanda mita moja.

Kabla ya namba yoyote, mota hutenganishwa na nyaya zake. Hapa hakuna mjadala: namba moja ikikaa vibaya, mota huweza kuwaka ghafla mezani, na panga za mwendo huo hukata vidole. Baada ya hapo hufunguliwa nafasi mpya kwenye kumbukumbu ya rimoti, inapewa jina la chombo, na aina yake inachaguliwa kuwa helikopta. Huchaguliwa pia mpangilio wa vijiti. Ulio maarufu zaidi ni wa pili, ambao kijiti cha kushoto kinashika kupanda, kushuka na mkia, na cha kulia kinainamisha chombo mbele, nyuma na pembeni. Anayejifunza kwa mwenzake ni bora afuate mpangilio wa mwalimu wake, kwa sababu mikono ikishazoea mmoja haiuachi kirahisi.

Sehemu inayowasumbua wengi ni ile sahani ya chuma iliyo chini ya panga. Hubebwa na sevo tatu zilizopangwa kuizunguka. Zote tatu zikipanda sawasawa, sahani hupanda ikiwa bapa, na kwenye helikopta nyingi mwinamo wa panga huongezeka, chombo kikainuka. Sevo moja ikishuka huku mbili zikipanda, sahani huinama, na helikopta hufuata upande huo. Hakuna sevo yenye kazi yake peke yake. Kila amri ya kidole hugawiwa zaidi ya sevo moja.

Kwa hiyo marekebisho hufuata utaratibu. Kijiti cha kupandia husukumwa taratibu huku macho yakiwa kwenye sahani. Sevo moja ikienda kinyume na wenzake, hugeuzwa kwenye menyu ya mwelekeo wa sevo hadi zote tatu ziende pamoja. Zikishakubaliana lakini sahani ikashuka pale ilipotakiwa kupanda, sevo haziguswi tena. Kinachogeuzwa ni alama ya kuongeza au kupunguza kwenye menyu ya mchanganyiko. Kisha hufanywa hivyohivyo kwa mbele na nyuma, halafu kushoto na kulia. Anayechanganya menyu hizi mbili hujikuta akirekebisha kitu kimoja na kuharibu viwili, na jioni nzima inaishia hapo.

Helikopta za sasa zina kisanduku cha jairo (kihisi cha mzunguko wa chombo) kinachofanya mchanganyiko huo chenyewe. Hizi zina mtego wake. Rimoti inapaswa kuambiwa itoe amri ghafi, kana kwamba kila chaneli ina sevo moja. Ikiachwa kwenye mpangilio wa sevo tatu, mchanganyiko hufanyika mara mbili, na kijiti kinachosukumwa mbele huinamisha sahani mbele na pembeni kwa wakati mmoja. Vilevile vitufe vidogo vya kusawazisha vijiti haviguswi hewani, kwa kuwa jairo huona kila msogeo wa kitufe kama amri ya rubani.

Mwinamo wa panga huchorwa kwenye kioo kwa nukta tano, kuanzia kijiti kikiwa chini kabisa hadi juu kabisa. Kwa mwanafunzi huanzia nyuzi 3 chini ya sifuri na kuishia nyuzi 10 au 11 juu ya sifuri, na hupimwa kwenye panga lenyewe kwa kipimo cha nyuzi, si kwa kuamini asilimia za kwenye kioo. Hapa mahali pana neno lake. Butimba, kwenye ufukwe wa Ziwa Victoria jijini Mwanza, iko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya kumi, na joto la mchana huipunguza zaidi. Helikopta iliyoelea vizuri Dar es Salaam kwa mwinamo wa nyuzi 5 itahitaji nusu nyuzi zaidi hapa, au panga zenye kasi kubwa kidogo. Namba za kwenye kijitabu cha kiwandani ni za kuanzia tu.

Kasi ya mota ina mchoro wake wa nukta tano. Katika hali ya kawaida huanzia sifuri, ili mota ilale kijiti kikiwa chini. Katika hali ya pili, inayowashwa kwa swichi, kasi hubaki juu hata kijiti kikishushwa, kwa sababu chombo kilichogeuka kichwa chini hutaka panga ziendelee kuzunguka kwa nguvu ileile. Swichi nyingine huikata mota bila kugusa mwinamo wa panga, na kidole kinapaswa kuijua gizani. Mota ikizimwa angani, panga huendelea kuzungushwa na hewa inayopanda, na rubani mwenye mazoezi huutumia mzunguko huo kutua salama.

Mkia hujaribiwa kwa mkono. Helikopta ikishikwa na pua yake ikasukumwa kushoto, sevo ya mkia inapaswa kusogea upande uleule ambao ingesogea kijiti kikivutwa kulia. Ikienda kinyume, jairo limegeuzwa, na chombo kitajizungusha kama pia mara kinapoinuka. Ukali wa jairo huanzia katikati na kupandishwa kidogokidogo; mkia ukianza kutikisika, hurudishwa chini.

Menyu ya kulainisha vijiti karibu na katikati humsaidia sana anayeanza, kwa asilimia 20 hadi 30. Tahadhari moja: kwenye rimoti za Futaba ulaini huandikwa kwa alama ya kutoa, na kwenye za Spektrum kwa alama ya kujumlisha. Anayenakili namba za rafiki mwenye rimoti nyingine anaweza kupata vijiti vikali zaidi badala ya laini.

Linabaki suala la mawimbi kukatika. Mwaka 2018 DHL, GIZ na Wingcopter zilijaribu kupeleka dawa kwa ndege isiyo na rubani hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi, ikijiendesha yenyewe njia nzima. Helikopta ya mfano haina akili hiyo. Mawimbi yakipotea, hufanya kile tu ilichoambiwa kabla, na mpangilio ulio sahihi ni mota kwenda sifuri. Panga hutolewa, mota huunganishwa na kuzungushwa polepole, kisha rimoti huzimwa: mota isiposimama, mpangilio huo haujaingia.

Kabla ya kuruka hutafutwa kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), na huchaguliwa uwanja ulio mbali na watu. Butimba kuna gereza kuu na chuo cha ualimu, na maeneo hayo si ya kuchezea chombo cha angani. Saa nzuri ni asubuhi mapema, kabla upepo wa mchana haujaanza kuvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu na kumfanya mwanafunzi adhani rimoti ndiyo yenye kosa. Chombo huinuliwa hadi kimo cha goti, hutuliwa, namba moja hubadilishwa, kisha huinuliwa tena. Mpangilio ukikubali, nakala yake huwekwa kwenye kadi ya kumbukumbu, na namba za mwinamo huandikwa pia kwenye daftari, pamoja na tarehe na mahali.