Sura ya Sita: Doa Lilikotoka

Rodi Kopany ni njia panda. Barabara moja inateremka hadi Homa Bay mjini na ziwani, nyingine inaelekea Rongo kukutana na ile kuu ya Kisii na Migori, na ya tatu inapita Ndhiwa hadi Karungu. Gari la abiria linaloshinda kwenye njia hizo, aghalabu Probox, halichagui mzigo: leo kuku waliofungwa miguu, kesho magunia ya omena, keshokutwa mbuta kwenye kreti na mtungi wa molasi kutoka upande wa viwanda vya sukari. Jioni ukiitazama kapeti yake unajua lilikokuwa. Udongo mwekundu ni wa huko Rongo na Kisii. Tope jeusi lililoshikamana ni la Ndhiwa au bonde la Lambwe. Mafuta yanayonuka ni ya ziwani.

Naanza na barabara kwa sababu mwosha magari naye aanzie hapo. Kabla hajamimina chochote, amuulize dereva alibeba nini, na lini. Madoa mengi tunayoyaita sugu hayakuwa sugu tangu mwanzo. Aliyeyafanya sugu ni mtu wa kwanza kuyashughulikia, aliyekimbilia maji moto au burashi ya waya kabla ya kujua anapambana na nini.

Chukua maji ya samaki, maana ndiyo yanayowasumbua watu wengi huku. Barafu ikiyeyuka ndani ya kreti, kinachovuja si maji matupu. Ndani yake mna damu na utelezi wa ngozi, ambavyo ni protini, mna mafuta, na mna viini vya harufu ambavyo wanakemia huviita amini. Hayo ni madoa matatu mahali pamoja, na kila moja lina dawa yake.

Protini huanza. Ute wa yai ukipata moto huganda na haurudi kuwa maji tena, na damu ya samaki iliyo kwenye kapeti hufanya vivyo hivyo ukiimwagia maji ya birika. Basi tumia maji baridi, kwa kitambaa, ukigandamiza na kuinua badala ya kusugua. Baada ya hapo ndipo sabuni ya unga yenye vimeng'enya, yaani protini maalumu zinazokatakata protini nyingine vipande vidogo vinavyoweza kuoshwa. Wazo hilo si geni: Otto Röhm, mkemia wa Ujerumani, alilipatia hataza mwaka 1913, akitumia vimeng'enya vya kongosho la wanyama. Lakini vimeng'enya vinataka muda. Anayepaka povu na kulifuta papo hapo ametumia nusu tu ya alichonunua. Liache nusu saa, likiwa na unyevu.

Mafuta yakiwa mabichi, sabuni hiyohiyo huyamaliza. Yakikaa, ni habari nyingine. Mafuta ya samaki hushikana na oksijeni ya hewani, molekuli zake zikaungana na kuwa utando mgumu wa manjano. Ndiyo kemia inayokausha mafuta ya kitani katika rangi za wachoraji. Kwa hiyo doa la omena la miezi mitatu limekaribia kuwa rangi, na dawa yake iko kwa mafundi rangi: tapentaini kidogo kwenye kitambaa, milango yote wazi, pasiwe na sigara karibu. Usiimwage juu ya kapeti, itayeyusha gundi iliyo chini. Wako wanaotumia petroli. Mimi siwezi kumshauri mtu kutia petroli ndani ya gari lenye nyaya na betri.

Harufu hubaki mwisho. Amini ni za upande wa alkali, na asidi huzituliza. Mama anayekamulia samaki ndimu anafanya kemia hiyo bila kuitaja. Siki nyeupe iliyochanganywa na maji kiasi sawa inatosha. Marashi ya gari huongeza tu harufu ya pili juu ya ya kwanza.

Tope halina makuu, ila linataka subira. Udongo mweusi wa huku una mfinyanzi unaonyonya maji na kuvimba, kwa hiyo ukiliosha likiwa bichi unalisukuma ndani zaidi. Liache likauke kabisa, ulivunje, ufyonze vumbi, halafu ndipo maji. Wekundu unaobaki wa udongo wa Rongo ni oksidi ya chuma, na ndimu husaidia kidogo. Dawa ya molasi ni maji ya uvuguvugu, basi.

Ipo hatua ambayo wengi huiruka: kujua kapeti imefumwa kwa nini. Kata nyuzi chache chini ya kiti, zilowe kwa tone la sabuni, uzitie kwenye glasi ya maji. Zikielea, ni polipropilini, plastiki iliyotengenezwa Italia na Giulio Natta mwaka 1954. Hiyo hainyonyi chai wala soda, lakini mafuta huipenda. Zikizama huenda ni nailoni au poliesta, na ukishindwa kuzitofautisha, ichukulie kama nailoni. Nailoni hushika rangi za vinywaji, tena Jik huidhoofisha na kuichujua, ikakuachia baka jeupe baya kuliko doa lenyewe. Na ole wako uimwage Jik juu ya siki uliyotumia kwa harufu. Gesi inayotoka ni klorini, ileile ambayo jeshi la Ujerumani liliitumia Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Ndani ya gari lililofungwa hakuna pa kukimbilia.

Kisha kuna lalamiko ambalo kila kituo cha kuosha magari kimelisikia: jana doa lilitoka, leo limerudi. Halikurudi, halikuwa limetoka. Mashine ya presha ilisukuma maji na uchafu hadi kwenye sponji iliyo chini ya kapeti. Juu palipokauka, unyevu ukapanda kupitia nyuzi kama mafuta ya taa kwenye utambi wa koroboi, ukabeba uchafu wake. Sabuni isiyosuuzwa huzidisha tatizo, kwa kuwa inanata na kukamata vumbi la kesho. Tumia maji machache, na ukishasuuza funika mahali hapo kwa taulo kavu yenye uzito juu yake usiku kucha, ili unyevu upandie kwenye taulo.

Kapeti ikiwa imelowa hadi sponji, fungua viti, uinue, uianike pande zote mbili. Kazi hiyo inataka siku nzima ya jua. Wakati wa mvua za masika, dereva anayetaka gari lake alfajiri ni heri aondoke na doa lake, arudi siku kavu.