Maumivu ya Koo Yanayoweza Kuudhuru Moyo
Mtoto akilalamikia koo, wazazi wengi humpa maji ya chumvi asukutue, kisha husubiri. Lakini koo lililoshambuliwa na bakteria wa streptokoka lisipotibiwa, wiki 2 hadi 3 baadaye kinga ya mwili yaweza kugeuka na kushambulia viungo na vali za moyo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi, ambayo huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Maumivu ya viungo hupoa. Vali iliyoharibika huenda isipone kamwe.

Tunawashauri wazazi wampeleke mtoto kituo cha afya mapema. Akiandikiwa vidonge vya penisilini vya siku 10, avimalize vyote, hata koo likipona siku ya tatu. Nunueni dawa katika duka lililosajiliwa, mkague tarehe ya mwisho wa matumizi, na mdai risiti.