Rwenzori: kila muti na etaji yake, kila nyama na fasi yake



Katika mikutano ya vikundi ku muteremuko wa Rwenzori, ulizo moja linarudi kila mara: "Agronome, joto limezidi na skolite inamaliza kahawa. Tusipandishe mashamba juu zaidi, kule kwenye baridi?" Ni ulizo la maana. Mbele ya kulijibu, tutazame kwanza wale wanaoishi kule juu tangu zamani: miti na nyama wa mulima. Wao njo wanatuonyesha mulima unafanya kazi namna gani.

Nyumba ya etaji

Rwenzori inafika metre 5109 ku kilele cha Margherita. Ni mulima wa tatu kwa urefu katika Afrika, nyuma ya Kilimanjaro na mulima Kenya. Kila mara unapopanda metre 1000, joto linapunguka karibu digri 6. Ndiyo sababu mulima uko kama nyumba ya etaji, na kila etaji ina wenyeji wake.

Etaji ya chini ni yetu: kakao na robusta, kisha arabika kati ya ndizi na maharagi. Ukitoka Mutsora kuelekea kilele, unaingia ndani ya Parke ya Virunga, katika pori la miti mirefu. Karibu metre 2500 mianzi inaanza. Karibu metre 3000 mianzi inakwisha na unakuta erika. Muti huu una majani madogo sana kama sindano, lakini kule unaweza kupita metre 10. Matawi yake na mawe yote yamevaa majani laini ya kijani yenye kujaa maji. Ukiyakamua mukononi, maji yanatoka kama ku eponji. Kupita metre 3800 kunabaki lobelia na senesio kubwa, na udongo mweusi wa kinamasi. Juu kabisa ni mawe na barafu.

Namna gani wanapona baridi?

Kule juu, muchana jua linachoma, usiku maji yanaganda. Ni hivyo karibu kila siku ya mwaka. Muti wa kahawa hauwezi kupona usiku moja kama ule. Senesio inapona juu haiangushi majani yake yakikauka: yanabaki yamefunga shina kama koti, na maji ya ndani hayagandi. Lobelia inafunga majani yake usiku, kama mutu anayefunga mukono, ili kukinga chipukizi la katikati. Kuna lobelia ingine ya Rwenzori inayoweka maji kati ya majani. Usiku maji yanaganda juu tu, na chipukizi linabaki salama chini yake.

Nyama nao wana akili yao. Pimbi wa kule ana manyoya mazito na analala ndani ya matundu ya mawe. Kuna kandege kenye mudomo mrefu uliopinda, dume ni kijani chenye kung'aa, na mukia mrefu. Kananyonya maji matamu ya maua ya lobelia na kukamata wadudu wanaokuja pale. Kakipita ua kwa ua, kanabeba unga wa maua, na lobelia inapata mbegu.

Chini zaidi, katika pori na hata pembeni ya mashamba, tunakutana na kinyonga ambaye dume ana pembe tatu. Watu wengi wanamuogopa na wanamuua. Hana sumu, na chakula chake ni wadudu. Mukimuona ku shamba, mumuache apite.

Wote wanapanda

Wakati Waitalia wa Duke wa Abruzzi walipopanda vilele vya Rwenzori mwaka 1906, walikuta barafu nyingi. Leo kimebaki kipande kidogo, na kinaendelea kupunguka. Joto likipanda, kila muti na kila nyama anatafuta baridi yake kwa etaji ya juu. Lakini lobelia na senesio ziko karibu na paa: zikifukuzwa, zitaenda wapi?

Na mwingine anayepanda ni adui yetu. Skolite ni mududu mweusi mwenye urefu wa milimetre 2 hivi, anayetoboa tunda la kahawa ku kitovu chake na kuzaa ndani ya mbegu. Hazai vizuri kama joto liko chini ya digri 15. Baridi ya mulima ilikuwa kama ukuta kwake. Sasa, katika inchi mbalimbali za Afrika ya Mashariki, anaonekana ku mashamba ya juu ambako zamani hakuwa anafika.

Jibu la ulizo lenu

Basi, tupandishe mashamba? Hapana, na sababu ni tatu.

Kwanza, skolite atatufuata. Mutu anayekata pori leo juu ya kumukimbia atamukuta tena kesho, na pori halitarudi.

Pili, kule juu ni parke, na kahawa haipendi mawingu na baridi ya kila siku. Inakomaa polepole sana na kuzaa kidogo.

Tatu, na hii ni kubwa kupita zote: maji. Yale majani laini ya erika na kile kinamasi cheusi vinashika mvua na kuiachilia polepole. Muto Butawu unaoshuka mpaka Semliki unatoka kule, pia maji ya kusafisha kahawa yetu. Hata umeme wa Mutwanga unatoka ku maji ya mulima huu.

Tutazame ng'ambo. Upande wa Uganda, mwaka 2012, moto uliunguza sehemu kubwa ya erika juu ya muto Nyamwamba. Mwezi wa tano 2013, muto huo ulifurika, ukabeba mawe makubwa, ukaharibu Kilembe na kufika Kasese. Mvua ilikuwa kali, lakini watafiti waliochunguza mambo haya wanahesabu moto ule kati ya sababu. Wale waliopoteza nyumba walikuwa chini, mbali na fasi iliyoungua.

Tufanye nini basi?

Baridi tunaweza kuitengeneza ndani ya shamba tulilo nalo.

1. Kivuli. Miti ya kivuli inaweza kupunguza joto la kahawa digri 2 mpaka 4. Pandeni albizia, grevilea ao mitumba, muti moja kila metre 10 mpaka 12. Mukate matawi kila mwaka: kivuli kizito sana kinaleta magonjwa na kupunguza mavuno.

2. Vuneni yote. Kila wiki mbili mupite kutoa matunda yaliyoiva. Mwisho wa musimu musiache tunda hata moja ku muti, ao chini. Skolite anangojea musimu mupya ndani ya yale matunda mulioyasahau.

3. Matunda yenye matundu muyachemshe, ao muyazike chini kupita nusu metre. Kuyatupa pembeni ya shamba ni kumulisha adui.

4. Mufanye hivi pamoja. Skolite anaruka kutoka shamba moja mpaka lingine. Mama mmoja akisafisha shamba lake na jirani yake akiacha, kazi yake ni bure. Kila kikundi kichague siku moja ya kuokota matunda katika mashamba yote ya kilima.

5. Moto. Kama munachoma majani, mungojee siku bila upepo, mulime mupaka mpana kuzunguka, na mutu asiondoke mpaka majivu yamepoa.

Lobelia haina fasi ingine ya kwenda. Sisi tungali na jembe, miti ya kivuli na majirani. Musimu wa mavuno haujaanza. Katika mukutano ujao, kila kikundi kilete tarehe yake ya kuokota.